Kufuata Mzigo

Watu wakisikia kwetu ni Kitai huniuliza maswali mawili. La kwanza ni la utani: nilifungwa miaka mingapi? Wengi jina hilo wamelisikia kwa sababu ya gereza la kilimo lililoko pale. La pili huliuliza kwa adabu zaidi: huko kuna nini cha kuona? Hilo la pili ndilo lililonifanya niwe mtembeza wageni asiye na leseni, kila ndugu, shemeji au rafiki wa watoto anapofika kusini akiwa na siku moja ya ziada.

Kitai ni njia panda. Ukitoka Songea kwenda Mbinga utaipita, na hapohapo inachepuka barabara ya kwenda Ruanda kwenye makaa ya mawe, kisha inateremka mpaka Lituhi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Abiria wengi wanaijua Kitai kwa dakika zile chache za kununua karanga dirishani na kumgombeza konda kwa kuchelewesha gari. Mimi nimekulia upande wa pili wa dirisha hilo. Mama alikuwa mama ntilie, anapika wali maharage na chai kwenye kibanda cha nyasi, na mimi na dada yangu tulikabidhiwa beseni la karanga za kuchemsha. Mvua za kwanza zikishaanza, tuliingia porini kuokota masuku, na beseni likabadilika bidhaa.

Mtoto wa njia panda anaijua nchi kwa kutazama keria za magari. Gari la Lituhi tulilinusa kabla ya kuliona, maana juu lilikuwa na viroba vya usipa mkavu, dagaa wa Ziwa Nyasa. La Mbinga lilikuja na maharage na magunia ya kahawa, na ndani yake abiria wamevaa masweta saa saba mchana. La Songea lilileta mabati, magodoro, mikate, na magazeti ya juzi ambayo walimu waliyagombania. Sikuwa nimefika Mbinga wala ziwani, lakini nilikuwa na uhakika kwamba kule ziwani watu wanakula usipa asubuhi, mchana na jioni, na kwamba Mbinga jua halitoki. Nilipokuja kukua nikaenda kuhakikisha, niligundua kwamba sikuwa mbali sana na ukweli.

Nayaeleza haya kwa sababu ndiyo yanayonifanya niipange siku yangu ya kutembea kwetu tofauti na wengine. Utaratibu uliozoeleka ni huu: mnatoka Kitai asubuhi, mnakunywa chai Mbinga, mnateremka Mbamba Bay mchana, mnapiga picha ufukweni, mnakula samaki, mnarudi. Si siku mbaya. Kasoro yake ni kwamba inakwenda kinyume na mzigo. Mzigo wa kwetu hupanda: unatoka ziwani, lililoko takriban mita 475 kutoka usawa wa bahari, unaingia milima ya Umatengo inayovuka mita 1,500, ndipo unakuja kwetu na kuendelea Songea. Anayeteremka saa sita mchana anafika kila mahali kazi ikiwa imekwisha. Wavuvi wamelala, usipa umeshapimwa, mama wa shambani amesharudi nyumbani kupika. Anabaki kutazama mandhari. Mandhari ni nzuri, lakini mandhari ya Ziwa Nyasa utaimaliza kwa nusu saa. Watu wake huwezi kuwamaliza.

Kwa hiyo siku yangu inaanza jioni. Tunateremka siku iliyotangulia, bila haraka, na saa kumi na mbili jioni tunakuwa tumeshakaa mchangani Mbamba Bay. Kwa vile sisi tuko ng'ambo ya mashariki, jua huzama ziwani, upande wa Malawi, huko iliko Nkhata Bay. Ila sharti moja: kabla ya kupanga safari nauliza mwezi uko wapi. Usipa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali samaki hawaifuati taa, na wavuvi wengi hubaki nyumbani. Wageni kutoka Dar es Salaam hupanga safari kwa kalenda ya likizo, kisha wananilalamikia kwamba ziwa limepooza.

Mwaka fulani mwezi Machi nilimchukua mpwa wangu, binti wa yule dada niliyekuwa nauza naye karanga. Amezaliwa Dar, amesomea Dar, na kila akija kwetu hulala Songea kwa bibi yake mwingine na kuondoka. Jioni ile tulikula ugali wa muhogo na mbasa kwa mama mmoja wa Kinyasa, halafu tukatoka nje kutazama. Taa zilikuwa zimeshaingia majini. Zamani zilikuwa karabai, unasikia mlio wake mtumbwi ukipita karibu. Siku hizi wengi wanatumia taa za betri zinazochajiwa kwa sola. Mpwa wangu akaanza kuzihesabu, akaacha.

"Mjomba, hawa wanarudi saa ngapi?"

"Alfajiri. Ndiyo maana nimekwambia ulale mapema."

Hakulala mapema. Lakini saa kumi na moja na nusu tulikuwa ufukweni.

Saa hiyo ya kufika mitumbwi ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na kila mara naona watu wanavyoielezea vibaya, eti shamrashamra. Hakuna shamrashamra. Wanaume wamechoka, wana baridi, hawasemi mengi. Wanawake wanaokuja kununua ndio wanaosema. Usipa ukiwa bado ndani ya mtumbwi, bei imeshaanza kujadiliwa kwa ndoo, na anayejua kazi haangalii ndoo tu, anaangalia mbingu. Machi ni masika. Usipa unaanikwa kwenye vichanja au juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, na unahitaji jua. Asubuhi ikiwa na wingu, mnunuzi anapunguza bei kwa sababu hatari anaibeba yeye. Mvua ikimkuta ameshaanika, mtaji unaoza.

Tulisimama karibu na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anatandaza usipa wake kwa kiganja, taratibu, ili usilaliane.

"Shikamoo mama," mpwa wangu akasalimia.

"Marahaba mwanangu. Wewe wa wapi, na viatu vyeupe ufukweni?"

Akajibu kwamba yeye ni wa Kitai. Nilishangaa, maana siku zote husema yeye ni wa Tabata, Dar. Yule mama akanitazama mimi, akacheka, akaendelea na kazi. Haikupita muda mrefu upepo ukageuka. Mtu mmoja alisema neno kwa Kinyasa, na ufuko mzima ukainama. Mvua ya ziwani unaiona ikija, ukuta wa kijivu juu ya maji, na una muda wa kutosha kukusanya nusu ya ulichoanika kama uko peke yako. Mpwa wangu hakuulizwa. Alirushiwa pembe moja ya turubai. Alizoa usipa kwa mikono miwili, magoti mchangani, na mimi pia, na watoto waliokuwa wanaelekea shule, na kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa amekuja kutafuta abiria. Matone ya kwanza yalitukuta tukifunga pembe ya mwisho.

Mvua ilipokatika yule mama akafungua turubai, akachagua usipa wa chini uliokuwa umeanza kukauka tangu jana yake, akajaza sado, akampa mpwa wangu. Binti akatoa pesa.

"Nikuuzie umenisaidia? Weka pesa yako."

Tangu hapo nimekuwa na msimamo kuhusu wageni: asiyegusa kazi ya mahali hajafika mahali. Najua ni msimamo mkali. Wapo wageni wazee, wapo wagonjwa, wapo wenye haki ya kukaa tu wakapumzika. Lakini kijana mwenye mikono mizima nikimtembeza nitamtafutia turubai la kushika.

Kama tungekuwa na siku ya pili ningempeleka Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay, kwenye hospitali ya Waanglikana na jiwe la Pomonda lililosimama majini. Wajerumani waliuita mji huo Sphinxhafen, kwa jinsi jiwe hilo lilivyowakumbusha sanamu ya Misri. Hapo tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Meli ya Waingereza, Gwendolen, ikatokea na kuipiga mzinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa anafahamiana vizuri na nahodha Rhoades wa Gwendolen, walikuwa wakikutana na kunywa pamoja. Inasimuliwa kwamba alipiga makasia kwenda kumuuliza mwenzake kama amelewa. Hakujua kwamba nchi zao zimeingia vitani. Habari zilikuwa zimeshafika upande wa Nyasaland, Malawi ya sasa, Liuli zilikuwa hazijafika. Gazeti la London likaandika kwamba ni ushindi wa majini. Mimi huwa najiuliza wavuvi wa Liuli waliokuwa mitumbwini asubuhi ile walielezana nini, maana hakuna aliyewaandika. Habari nayo ni mzigo, na yule nahodha ulimfikia umechelewa.

Kupanda sasa. Kutoka Mbamba Bay mpaka Mbinga ni kilomita 66 za lami yenye kona zisizokwisha. Kabla ya lami, masika, gari la njia hii liliondoka na majembe, minyororo na abiria waliojua kwamba nauli yao haiwaondolei wajibu wa kusukuma. Wazee wa Mbamba Bay wanasimulia mizigo ya usipa iliyoozea mlimani ikisubiri matope yakauke. Wakati huo tegemeo la kweli lilikuwa meli, enzi za MV Songea na MV Iringa, na hata leo MV Mbeya II ikitia nanga watu hushuka kuipokea. Lakini barabara imegeuza uso wa ziwa. Zamani Mbamba Bay ilitazama Kyela, kaskazini kwa njia ya maji. Siku hizi inatazama Mbinga na Songea. Mwaka 2012 Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga, ikawa na ofisi zake, ila usipa haujali mipaka ya wilaya; bado unapanda mlima uleule.

Tukaupakia mzigo wetu mdogo kwenye keria ya kosta pamoja na viroba vya watu, tukakaa siti za upande wa kushoto. Ziwa linapotea, linarudi, linapotea. Masikio yanaziba. Halafu hewa inabadilika na mpwa wangu akaanza kutafuta sweta, nikajua tumeingia Umatengo.

Hapa ndipo tunaposhuka njiani, sehemu yoyote yenye mteremko mkali uliolimwa, na kusubiri gari lingine. Ngolo lazima uzione kwa miguu. Ukiwa mbali, mlima mzima umejaa vishimo vilivyopangwa, mfano wa sega la nyuki lililoinamishwa. Ukikaribia unaona ni mraba baada ya mraba, kila mmoja una shimo katikati na tuta pande zote nne. Kazi yenyewe inakwenda hivi: mvua zikielekea ukingoni, wanaume wanafyeka nyasi, wanaziacha zinyauke, kisha wanazipanga chini kwa mistari inayokatizana. Wanawake wanafuata na majembe, wanachimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo wanaoutoa. Juu ya matuta hayo wanapanda maharage. Nyasi zinaoza chini, zinakuwa mbolea. Mvua ikinyesha, maji hayapati nafasi ya kukimbia. Kila shimo linashika yake, pamoja na udongo ambao ungeishia bondeni. Msimu unaofuata mahindi yanaingia mahali pa maharage.

Wamatengo walibanana milimani huko katika karne ya 19, wakikwepa mashambulizi ya Wangoni, na milima ile isingewalisha watu wengi hivyo bila ufundi wa kuuzuia udongo usihame. Mimi damu yangu ina pande zote mbili, kwa hiyo utani wa Wangoni na Wamatengo naufanya peke yangu. Miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto, Japani, walikuja kuzichunguza ngolo hizi kwa vipimo na wakathibitisha kwamba zinafanya kazi. Bibi yangu mzaa mama angeweza kuwaambia. Hata hivyo nafurahi walikuja, kwa sababu vijana wetu walianza kuziheshimu ngolo baada ya kuwaona wageni wanazipigia magoti.

Asubuhi ile tulikuta mama na binti yake wakichimba. Nilimwona mpwa wangu anaangalia jembe. Sikumwambia neno. Akaomba. Alichimba shimo moja, likatoka pembe tatu, binti wa mwenye shamba akalirekebisha huku akimtania kwamba kwa kasi hiyo maharage yataiva yeye hajafika ukingoni.

Mbinga mjini sikai sana. Ni mji wa kazi, wa maduka ya pembejeo na bodaboda, na unachangamka zaidi kati ya Juni na Septemba, kahawa inapovunwa na pesa kuingia. Machi kahawa bado ni kijani mitini. Siku yenye kila kitu haipo kwenye kalenda ya kwetu: ukitaka kuona ngolo zikichimbwa, hutaona kahawa nyekundu, ukitaka kahawa, utakosa masuku. Nimeshawaambia wageni wachague, wao wanataka niwapangie vyote.

Kuna jambo moja Mbinga ambalo halina msimu. Ingia katika hoteli ya kawaida, katikati ya mashamba yanayotoa arabika inayosifiwa nje, agiza kahawa. Mara nyingi utaletewa maji ya moto na kopo la Africafé, iliyotengenezwa Bukoba. Mpwa wangu alidhani ni mzaha. Nikamweleza kwamba ndivyo tulivyolelewa: kahawa ilikuwa ada ya shule, bati na baiskeli, haikuwa kinywaji. Wakulima waliouza kupitia ushirika, na walioona ushirika huo ukidhoofika na malipo yakichelewa, waliijua kahawa kwa daftari la madai. Kinywaji ni chai. Hali imeanza kubadilika, wapo wanaokaanga na kusaga wenyewe, na huwa nanunua kwao paketi, zaidi kwa siasa kuliko kwa kiu.

Baada ya Mbinga inafuata Kigonsera, misheni ya Wabenediktini, ambako Benjamin Mkapa alisoma seminari kabla ya kwenda Pugu. Tunapita. Saa tisa alasiri tunakuwa Kitai, na hapa ndipo wageni wengi hudhani siku imekwisha.

Kwangu mimi hii ndiyo saa ya kukaa. Tunatafuta benchi kwa mama ntilie mmoja, sado ya usipa tunampa akaange na nyanya, na tunatazama njia panda. Mpwa wangu sasa alikuwa anajua viroba vinavyoshushwa vimetoka wapi, na nani huenda aliinama kuvikusanya mvua ilipokuja. Aliona gunia la maharage akaniuliza kama ni ya ngolo au ya tambarare. Niliridhika na swali hilo kuliko picha zote alizopiga.

Halafu yakaja malori. Wakati nauza karanga, makaa ya mawe ya Ngaka, kwenye njia ile ya Ruanda, yalikuwa hadithi ya wazee na ya wataalamu waliopita na ramani. Uchimbaji ulipoanza kwa kishindo mwaka 2011, na Serikali ilipozuia makaa kutoka nje mwaka 2016, viwanda vya saruji vikageukia huku. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vikaipandisha bei duniani, na meli zikawa zinayachukua Mtwara kuyapeleka ng'ambo. Kitai ikajaa malori usiku na mchana. Vibanda vimeongezeka, nyumba za kulala wageni zimeongezeka, vumbi nalo limeongezeka. Watoto wa beseni siku hizi wanauza maji ya chupa na vocha.

Lakini ukitazama vizuri kuna tofauti. Usipa ukipita Kitai, Kitai inakula usipa. Maharage yakipita, tunanunua debe. Makaa yanapita yamefunikwa turubai, hakuna anayenunua hata kilo, na mama anayempikia dereva anapika kwa kuni. Mpwa wangu ndiye aliyeliona hilo, mimi nilikuwa nimelizoea.

"Mjomba, yale yanaishia wapi?"

Nikamjibu Mtwara, melini. Akauliza baada ya hapo. Nikataja viwanda, umeme, Ulaya, Asia, nikahisi nasoma gazeti. Kuhusu usipa ningeweza kumwambia kichanja ulichotoka. Kuhusu mzigo mkubwa kuliko yote unaopita mlangoni kwetu, nilikuwa na majina ya mabara tu.

Kwa hiyo siku yangu nzuri imeanza kurefuka. Dereva mmoja wa lori, mteja wa kudumu wa pale kibandani, amekubali kunichukua: Songea, Namtumbo, Tunduru, Masasi, mpaka getini bandarini Mtwara. Nauli amesema ni maji ya kunywa na kumpigia hadithi asisinzie. Mpwa wangu ameshaomba likizo ili aje. Mke wangu anasema mtu wa umri wangu apande basi, lipo linaloondoka Songea asubuhi, na bado tunabishana.